Ng'ombe wa Mwenzako Hutajwa Kwanza

Jumatatu, 4 Mei

Minza,

Nimefungua duka mapema. Nimefagia. Nimewasha mashine ya fotokopi na kuipasha moto kwa karatasi mbovu, kama ulivyonizoesha. Wateja wachache. Mmoja wa nakala ya cheti cha kuzaliwa, mwingine wa barua ya kuomba kazi. Baada ya hapo nimekaa kwenye kiti chako. Bado kinaegemea kushoto.

Nimeifungua programu yako. Leo sikuifunga haraka.

Wafugaji wa Sapiwi wamenitafuta. Wana kikundi, mwenyekiti wao ni Mama Kabula mwenye mashine ya kusaga. Wanataka ng'ombe wao waandikwe kwenye kompyuta kabla kiangazi hakijakolea, maana kiangazi wote hunywesha kwenye lambo moja na makundi huchanganyika. Mwaka jana waligombania mtamba mmoja hadi wakaitana kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Ndugu wawili hawasalimiani hadi leo.

Mtu wa Mwanza amewaletea programu iliyokwisha kutengenezwa. Ina nafasi nne za kujaza: namba, rangi, umri, jinsia. Basi. Mama Kabula anasema wazee waliitazama, wakauliza pembe zinaandikwa wapi. Watakaa Jumamosi ya tarehe 23 waamue kama wataichukua hiyo.

Nimemwambia asiwaruhusu waamue kabla hawajaona yetu.

Nimesema "yetu". Nimeisikia ikitoka mdomoni.

Jumanne, 5 Mei

Haya unayajua. Nayaandika ili niyaelewe mimi. Niliishia kidato cha nne, na kozi yangu ya Shinyanga ilikuwa ya kuchapa tu. Kingine chochote ninachokijua kwenye kompyuta ni wewe ulinifundisha, mchana, hapa hapa dukani, wateja wakiwa hawapo.

Programu nyingi hutaka useme mapema rekodi itakuwaje. Ng'ombe ana rangi, nayo ni maneno. Ana umri, nao ni namba. Hiyo ndiyo aina yake. Ukishaiandika, kompaila, ile inayoitafsiria mashine maandishi yetu, hukagua mistari yote kabla programu haijawashwa, na ukiweka maneno mahali pa namba inakataa. Uliipenda lugha yako ya funksheni kwa ukali huo. Ndani yake kitu kikishatengenezwa hakibadilishwi. Ukitaka tofauti, unatengeneza kingine na cha kwanza unakiacha kilivyo. Ulisema ni lugha ya watu wasioharibu vya wenzao.

Lakini ulikulia Lingeka, kwenye boma la baba yako. Ulijua boma hili linawatambua ng'ombe wake kwa pembe, lile kwa mkato wa sikio, jingine kwa mama na bibi wa ng'ombe. Ukasema tusiwapelekee watu sanduku lililokwisha kufungwa. Waseme kwanza, aina izaliwe kutokana na maneno yao, programu ikiwa imeshawashwa. Na ukali ubaki ule ule. Umri ukiwa namba kwa mmoja, asije mwingine akaandika "mkubwa kiasi".

Nikakuuliza itawezekanaje. Ulikuwa unamenya karanga. Ukapuliza maganda kwenye kibodi, ukasema, "Subiri uone."

Sikuona. Januari ikafika, nikabaki peke yangu.

Alhamisi, 7 Mei

Umeme umekatika saa mbili asubuhi, umerudi mchana. Nimepata muda wa kusoma funksheni yako, ile inayounda aina, kwa utulivu, kwenye betri.

Sijaigusa. Nimejiwekea sharti hilo: ya Minza haiguswi. Ninachoongeza nakizungushia nje.

Inafanya kazi. Nimeipa ng'ombe mmoja wa kubuni, mwenye rangi, pembe na umri, na nimeona aina ikizaliwa mbele yangu, yenye sehemu tatu na kila sehemu na ukali wake. Nimejaribu kuweka neno kwenye umri. Imekataa.

Nimecheka peke yangu. Salumu wa duka la pili, anayeuza mabomba na rangi, amechungulia. "Bwana Shija, umepata mchumba kwenye kompyuta?" Nimemwambia ni ng'ombe. Ameondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa, 8 Mei

Tatizo. Ng'ombe wa asubuhi na ng'ombe wa mchana hawalingani.

Wana sehemu zile zile, ila kila nikiiwasha programu inaunda aina mpya, na kwake aina mbili zilizozaliwa mara mbili ni vitu viwili hata zikifanana kama mapacha. Nikiwauliza kama ni wa kundi moja inasema hapana. Tena nikiandika pembe kabla ya rangi, inaona hayo ni mambo mengine kabisa.

Nimechoka. Nimekula ugali baridi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimepata njia. Kabla ya kuunda aina, programu sasa inapanga majina ya sehemu kwa alfabeti na kuangalia kama aina ya namna hiyo ilishawahi kuundwa. Ikiwepo, inaichukua ile ile. Isipokuwepo ndipo inaunda na kuitunza. Mistari yangu imekaa nje ya yako kama uzio wa miiba. Ya ndani iko salama.

Ng'ombe wa asubuhi na wa mchana wametambuana.

Ningependa ungeona. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani. Kwaya imekosa sauti yako ya pili, ile uliyokuwa ukiipotosha kidogo mwishoni. Sasa wanaimba sawasawa. Sipendi.

Jumanne, 12 Mei

Sapiwi. Nimeondoka na pikipiki kukipambazuka. Mashamba ya pande zote meupe, watu wamekwisha kuanza kuvuna pamba. Lori limenipita likielekea Maswa na kunimwagia vumbi, nimefika kama mtu wa chokaa.

Wamekutana nje ya mashine ya Mama Kabula. Wanaume wengi, wanawake kiasi. Mzee Jidayi ndiye aliyepewa heshima ya kuanza, kwa kuwa boma lake ni kubwa na neno lake husikilizwa. Anataja ng'ombe, mimi nachapa, Mama Kabula anasoma kwenye skrini kwa sauti ili wote wasikie.

Amemtaja wa kwanza. Jike, mweusi mwenye doa jeupe tumboni, pembe zimepinda mbele, mwenye ni Bwana Lugata wa Maswa. Aina imezaliwa. Watu wamepiga makofi. Nimefurahi.

Akamtaja wa pili. Jike pia, mwekundu, pembe fupi, sikio la kulia limekatwa ncha. Nimechapa. Mama Kabula akasoma kabla hajafikiri:

"Ng'ombe huyu hana mwenye. Hapokelewi."

Nikadhani nimekosea kuchapa. Nikarudia. Akasoma tena yale yale. Wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne.

Mtu mmoja nyuma, Masele, akapaza sauti. "Mzee, kama hawana mwenyewe tugawane basi!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Kumbe tulikuwa tunawalipa sungusungu bure. Kompyuta inakamata wezi ikiwa imekaa mezani."

Mzee Jidayi hakucheka. Alisimama, akachukua fimbo yake, akasema kwa Kisukuma kwamba amezaliwa hapa na baba yake amezikwa hapa, na hajawahi kuitwa mwizi wa ng'ombe. Akaondoka. Watu wa boma lake wakamfuata.

Mama Kabula akaniambia taratibu, "Mwanangu, bila huyu mzee hakuna atakayekubali. Watachukua ile ya Mwanza. Ile haina pembe, lakini haimtukani mtu."

Nimerudi na jua usoni.

Jumatano, 13 Mei

Nimeelewa kilichotokea. Haikunichukua muda.

Funksheni yako inamtazama ng'ombe wa kwanza peke yake. Alivyo yeye ndivyo aina inavyokuwa, na wote wanaofuata lazima wawe na kila alichonacho. Uliijaribu kwa ng'ombe wa baba yako, na wakati ule walikuwa wote wa nyumbani, hakuna wa mtu mwingine aliyewekwa kwenu alelewe. Hukuona shida kwa sababu haikuwepo.

Mzee Jidayi alianza na ng'ombe wa mtu mwingine, anayemlelea. Huyo ilibidi atajwe mwenye wake. Waliofuata ni wake mwenyewe. Nani hutaja jina lake akisimama mbele ya ng'ombe wake? Programu ikakosa sehemu ya mwenye, ikasema kile ulichoiandikia iseme ikikosa sehemu yoyote.

Naona aibu. Na nina hasira na wewe kidogo. Haijawahi kunitokea tangu Januari. Nimeona niandike.

Alhamisi, 14 Mei

Salumu amekuja na chai ya tangawizi kwenye chupa. "Nasikia Sapiwi mmekamata wezi."

Habari imefika mjini kabla ya mimi kupata nafuu.

Nimemweleza. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa si urekebishe?" Nimesema pale pa kurekebisha ni pa Minza. Amenimiminia chai nyingine, amerudi kwake kuuza bomba.

Nimejaribu kutatua bila kugusa. Nilifikiria kuwaomba wafugaji waanze na ng'ombe wao, wa watu waje mwisho. Nilifikiria kumlazimisha kila mtu ataje mwenye hata kwa wake. Nilifikiria kuongeza ng'ombe wa uongo wa kwanza, awe na kila kitu. Zote ni njia za kuwafundisha watu waikwepe programu.

Ungenicheka.

Ijumaa, 15 Mei

Leo nimefunga duka tangu asubuhi, nimenunua sukari, nimeenda kwa Mzee Jidayi.

Nimemkuta anaziba pengo la uzio wa zizi kwa miiba. Sikujua kama atanifukuza.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Leo hujaja nayo? Maana ng'ombe wangu tangu siku ile wamekuwa yatima. Usiku hawalali."

Hakutabasamu aliposema hivyo, lakini alinivutia kigoda. Mkewe akaleta maziwa ya mgando. Nikaomba radhi. Nikasema ni kosa la mashine, halafu nikaona neno hilo halitoshi, mashine haikosei yenyewe.

Mzee akanionyesha yule jike mweusi kwa fimbo. Alisema rafiki yake wa Maswa alimwekea kwake kipindi cha ukame, na amezalia hapo. Maziwa wanakunywa wao, lakini ng'ombe na ndama ni wa Lugata mpaka watakapokaa wagawane kwa desturi.

"Kwa nini nilianza na huyu?"

"Kwa sababu ni wa watu."

"Kumbe unajua! Ng'ombe wa mwenzako ukimtaja mwisho, umeshaanza kumfanya wako. Hutajwa kwanza, watu wasikie, ndipo uwataje wa kwako. Wewe ni Msukuma, unajua. Mbona mashine yako haijui? Nani aliyeiandikia maneno yale?"

Ng'ombe walikuwa wanacheua. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, kwamba ni mke wangu, na angeelewa, maana alishaniambia pole ya msiba nilipokaa tu. Angekusamehe. Watu huwasamehe wafu upesi.

Nikasema, "Mimi."

"Basi kayafute," akasema. "Mtu akikosea neno hulirudia yeye mwenyewe. Hamtumi mwingine."

Hakuahidi kuja Jumamosi ya mkutano. Nilipomuaga alinishukuru, "Wabeja kwa sukari", akarudi kwenye miiba yake.

Njia nzima nimewaza neno moja, lile "mimi". Sikudanganya. Nilikaa nalo kwenye pikipiki na sikuona uongo ndani yake. Aliyewapelekea wazee programu ile ni mimi. Wewe hukuwepo.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeifungua funksheni yako na kuweka kidole kwenye kibodi. Nimetoka nje. Nimerudi. Nimetoka tena, nimemsaidia Salumu kupakua ndoo za rangi ambazo hakuomba nimsaidie.

Sijaandika mstari.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeanza.

Kwanza nimenakili yote yako kwenye flashi na kuiweka kabatini. Baadaye nimefuta mstari unaomchukua ng'ombe wa kwanza. Nimejisikia kama mtu anayehamisha kitanda kwenye chumba cha mgonjwa.

Sasa programu inawasikiliza ng'ombe wote wa boma kwanza, kimya, bila kuamua kitu. Inakusanya kila sehemu iliyotajwa. Iliyo kwa wote inakuwa ya lazima. Iliyo kwa baadhi inakuwa ya huenda. Ndipo aina inazaliwa.

Mchana nilikwama. Neno "umri" kwa mmoja lilikuwa namba, kwa mwingine "amezaa mara mbili". Namba na maneno hayawezi kukaa sehemu moja. Nimeamua hapo programu isikatae wala isikisie. Isimame, imwulize mwenye kusema. Mtu aliyekuja na ng'ombe yupo hapo hapo, kwa nini tusimwulize?

Jumanne, 19 Mei

Sehemu ya huenda. Hili ulinifundisha na sikulitilia maanani.

Kwenye lugha yako, kitu kinachoweza kukosekana hakiachwi kama shimo ambalo mtu atatumbukia. Kinafungwa ndani ya kitu kingine chenye hali mbili tu: Kipo, na hiki hapa. Au Hakuna. Hakuna nayo ni jibu kamili. Halafu ukitaka kukitumia, lazima ukifungue na ujibu pande zote mbili. Aina zenyewe zinazaliwa baadaye, kompaila haizijui, lakini ile funksheni ya kuuliza sehemu kwa jina inarudisha Kipo au Hakuna, na hapo kompaila inanibana kila ninapoitumia. Nimejaribu kuandika upande wa Kipo peke yake. Imenionya: na kama hakuna, utafanyaje?

Nimeiandikia jibu. Kama hakuna, endelea, mpokee.

Nimefunga duka saa kumi. Nimeenda nyumbani kwa miguu, pikipiki nikaiacha kwa Salumu. Nilihitaji kutembea.

Alhamisi, 21 Mei

Bado kazi moja. Boma jipya likija na sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja, aina ya zamani haibadilishwi. Inazaliwa nyingine, pana zaidi, na ng'ombe wa zamani wanaandikwa upya ndani yake, kila mmoja na Hakuna pale asipohusika. Rekodi zao za kwanza zinabaki zilivyokuwa. Hakuna kinachoharibiwa.

Nimejaribu kwa maboma matatu ya kubuni. Imepita. Nimejaribu kwa ng'ombe wa Mzee Jidayi kama nilivyowachapa siku ile, kwa mpangilio wake, wa Lugata mbele. Wamepokelewa wote.

Ule ujumbe wako wa kukataa haukuonekana kabisa. Nimeutafuta ndani ya programu, nimeukuta hauitwi na mtu tena. Nimeufuta.

Nimeumia hapo. Kuliko ule mstari wa Jumatatu. Yalikuwa maneno, yalikuwa na sauti yako, ule ufupi wako wa kuamrisha.

Naogopa Jumamosi. Mzee asipokuja nimefuta bure.

Jumamosi, 23 Mei

Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye magunia ya Mama Kabula, watu wakiwa wanatawanyika. Nataka niyaandike yangali moto.

Mzee Jidayi hakuwepo tulipoanza. Tukamsubiri. Mama Kabula akawagawia watu togwa, akavuta muda, akauliza habari za pamba, akaishiwa maneno. Masele akasema, "Huyo mzee bado anawatafuta wenye ng'ombe wake." Watu wakaanza kusema basi tuangalie ile ya Mwanza, jua linapanda. Nikaona Mama Kabula ananitazama. Nikapangusa skrini.

Alikuja taratibu na mkewe. Hakumsalimia Masele. Akaketi mbele yangu, akaweka fimbo magotini, akasema, "Chapa."

Akaanza na jike mweusi wa Lugata. Akafuata ndama wake. Halafu akataja wa kwake, mmoja mmoja, na mimi nikachapa bila kuinua macho. Alipomaliza nikabonyeza.

Mama Kabula safari hii akasoma kwanza kimoyomoyo. Nikamwona anapumua. Kisha akapaza sauti:

"Amepokelewa. Amepokelewa. Amepokelewa." Mpaka wa mwisho.

Masele hakujizuia. "Na leo wana mwenyewe?"

Mzee akamgeukia. "Wanaye. Wewe ndiye hatumjui mwenye wako."

Hapo wakacheka kweli kweli, hata mkewe, na hasira ikatoka mahali pale kama moshi ukifunguliwa dirisha.

Wengine wakaja. Mmoja alitambulisha ng'ombe wake kwa bibi wa bibi zao, ikabidi programu itengeneze sehemu ya ukoo. Mwingine alikuwa na dume linalopiga mateke, akataka iandikwe ili jirani ajihadhari, ikazaliwa sehemu ya tabia. Mwanamke mmoja mjane alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Nilimwuliza anamjuaje katikati ya wengine. Akafikiri. "Huyu makundi yakichanganyika, jioni anatoka mwenyewe anarudi. Anajua njia." Nikaandika: ajua njia, ndiyo. Aina ikapanuka. Ng'ombe wote wa Sapiwi waliotangulia wakapata sehemu hiyo, ndani yake Hakuna, na hakuna hata mmoja aliyekataliwa.

Sikuwa nimefikiria sehemu kama hiyo. Nadhani hata wewe.

Mama Kabula akauliza kama tuamue. Mzee Jidayi akasema, kwa upande wake, mashine imejifunza adabu, na aliyeifundisha alikuja kwake kwanza kuomba radhi. Wakakubali. Ile ya Mwanza watamrudishia mwenyewe kwa heshima.

Wakati naondoka mtu ameniuliza kuhusu mbuzi.

Jumatatu, 25 Mei

Minza,

Nimefungua duka. Hakuna wateja, wengi wako mashambani. Salumu ameamka na mafua, anapiga chafya ukutani kwake na mimi nasema pole ukutani kwangu.

Nimepitia programu yote kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua nyumba baada ya mafundi. Ni safi. Nimetafuta mistari yako. Ndani ya ile inayofanya kazi leo Sapiwi, haupo hata mmoja. Sikukusudia iwe hivyo. Kila nilipogusa palinilazimu niguse na pa jirani yake, na Alhamisi ndipo mstari wa mwisho ulipotoka. Yako iko kabatini, mizima, lakini haimpokei ng'ombe yeyote.

Nilidhani siku hii nitalia. Nimekunywa chai.

Wazo ni lako. Wakiniuliza nani aliyeiandika, nitasema mimi, kwa sababu ikikosea tena ni mimi wa kufuatwa. Wakiniuliza nani aliyeniambia watu waseme kwanza, nitakutaja wewe. Ndivyo nilivyopanga.

Mchana nitaanza mbuzi. Naambiwa wana mambo yao.

Sijui huko mnaruhusiwa nini. Kama mnaruhusiwa kukumbuka watu, nikumbuke.